Waridi Lako na Kanna la Kulwa

Doto mwanangu,

Hali yako sikuulizi, naijua. Uko Pasiansi kwa shangazi yako unasukwa, kichwa kinakuwaka moto, na bado umenikasirikia. Mimi niko hapa barazani, mguu nimeuegemeza kwenye begi lako, naandika juu ya sinia. Mwandiko usiucheke. Nilipokuwa darasa la saba mwalimu alikuwa anachukua daftari langu anawaonyesha wenzangu, ila mikono hii imekaa kwenye udongo miaka mingi, kalamu imeisahau.

Kesho unapanda basi la alfajiri kwenda Mtwara kufundisha. Nimewaambia Igoma nzima. Hata yule anayeniletea samadi, ambaye hajui Mtwara iko upande gani wa nchi, nimemwambia mwanangu ameajiriwa, anafundisha hesabu, na nikamwongezea kwamba huenda ukapewa ukuu wa shule. Hilo la ukuu usiniulize nimelitoa wapi.

Ya chandarua na ya kuchemsha maji sikuandikii. Umelelewa. Naandika kwa sababu ya neno nililokutamkia mchana. Limenitoka na siwezi kulirudisha, na najua ukirudi hapa utaingia kulala ukuta umeuelekea, kisha alfajiri tutakuwa tunahangaika na mizigo. Nikianza kusema kwa mdomo nitajisifu au nitagomba. Kwenye karatasi nitajizuia kidogo.

Ulinitaka kitu kimoja tu kabla hujaondoka. Ulisema kwenye kaburi la Kulwa kule Kisesa nipande ua lako, siyo lake. Nami nimekataa. Acha nikueleze kwa nini nimekataa, maana mchana tulirushiana maneno, hatukuongea.

Mlipozaliwa, Kulwa alitangulia, mkubwa, analia mpaka mkunga akacheka. Wewe ukafuata, mdogo wa kulazwa kwenye pamba, hata sauti huna. Bibi yenu alikuja kutoka Kisesa, hakuwatazama ninyi, alinitazama mimi. Akasema, "Hawa ni wawili lakini ni kitu kimoja. Ukimpa huyu, mpe na huyu, siku hiyohiyo. Ukimpendelea mmoja, mwingine ataondoka."

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kazi ya miche hapa barabarani, baba yenu bado yuko hai. Karibu yote niliyokuwa nayo yalikuwa maua ya msimu, yakichanua yamekwisha. Ya kudumu yalikuwa mawili tu, kanna na waridi. Nikapanda kila mtu lake, huku na huku ya mlango. Kanna nikampa Kulwa kwa sababu alikuwa na nguvu. Kanna unalijua, majani mapana kama mgomba mdogo, kiazi kiko chini. Mbuzi ale, jua liunguze, watu wakanyage, mvua ikishuka linarudi kama halikuambiwa kitu. Wewe nikakupa waridi. Jirani zangu walinisema, wakasema nimempa mtoto dhaifu ua dhaifu, vyote viwili havimalizi kiangazi. Hawakujua hesabu yangu. Waridi linataka mtu. Linataka maji asubuhi, linataka mkasi, linataka ulitazame chini ya jani kama kuna wadudu. Nilijua nikiamka kwa ajili ya waridi nitaamka na kwa ajili yako. Ukaishi. Na waridi likaishi, likawa waridi ambalo wenye magari wanasimama kuniuliza, na mimi nawaambia hilo haliuzwi, chukueni mengine.

Mkono wangu unajulikana. Pasiansi yote ile ya mageti, ukiona bustani imekaa vizuri, uliza miche ilitoka wapi. Najisifu, ndiyo, lakini ninajisifu kwa kitu kilichopo.

Kilichonishinda ni kugawa.

Ulikuwa mdogo lakini hili unalikumbuka. Daktari alipotuambia Kulwa ana selimundu alinipa vidonge vidogo vya njano, kimoja kila siku. Nami nikafanya nilivyoagizwa na bibi yenu. Kimoja cha Kulwa, kimoja cha Doto. Vya mwezi vikawa vinaisha katikati ya mwezi, na nusu iliyobaki mgonjwa anakaa bila dawa, huku mimi moyoni najiona hakuna mama anayejua haki kama mimi. Wewe ulikuwa unakimeza umekunja uso. Nesi alipokuja kugundua akaniuliza, "Na huyu mwingine anaumwa nini, mama?" Nikamjibu nimeinua shingo, "Haumwi. Ni pacha."

Na ndoo vilevile. Ndoo yako na ndoo yake zilikuwa za ukubwa mmoja, asubuhi ya baridi mnakwenda bombani pamoja, na siku niliyokukuta umebeba zote mbili nilikuchapa. Halafu nikamchapa na yeye ili isiwe nimekuonea wewe. Yule mtoto alikuwa na ulimi. Siku ile wodini wanamtafuta mshipa, sindano ya tatu, akanigeukia akasema, "Mama, mpe na Doto basi, iwe sawa kwa sawa." Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Nimekuja kuelewa nimeshazeeka kwamba watoto wawili hawawi na njaa moja. Miche nilikuwa najua. Sijawahi kumwagilia kanna na waridi kopo sawa, ningekuwa mwendawazimu. Ninyi nikawamwagilia sawa. Huko uendako utakutana na darasa la watoto wengi, na utataka kuwapima wote kwa kopo moja kwa sababu ndivyo inavyoonekana haki. Utafanya unavyoona. Mimi nakuambia nilivyofanya mimi.

Masika ya mwaka jana mvua ilishika siku nyingi, baridi ikamwingia, maumivu yakampanda mgongoni mpaka kifuani. Hospitali walimhangaikia, sina neno nao. Uliwahi kutoka chuoni ukamkuta bado anaongea. Akakuambia ukae upande mwingine, unamzibia hewa ya dirisha. Ndivyo alivyokuwa, hata anakufa alikuwa anakupangia pa kukaa.

Na Kisesa, kabla udongo haujamwagwa, bibi yenu akakushika mkono akakutoa. Pacha hatazami pacha mwenzie akifukiwa, ndivyo alivyosema, na tena tusilie kwa sauti. Ukaenda. Nilikuona unageuka nyuma, mara mbili, na shangazi yako anakusukuma begani taratibu. Nilikuwa nimesimama pale mimi mama mtu, mwenye mdomo Igoma nzima inaujua, nikanyamaza. Tangu siku ile hujafika kwenye kaburi lile. Kwa hiyo mchana uliposema unataka ua lako likakae pale, nilielewa unachotaka. Usidhani sikuelewa.

Watu hawajui waniite nani. Yule wa genge la nyanya alikuja siku moja na sauti ya upole, akaniita Mama Doto. Nikamwambia Doto ana mama na ndiye mimi, lakini jina langu Mama Kulwa, na nyanya zake zimeanza kuoza akaziangalie. Hajarudia. Lakini usiku ule nililia, kwa sababu alikuwa amenihurumia na mimi nikamtukania nyanya.

Wewe litakusumbua kuliko mimi. Ukitaja jina lako tu, hata kule Mtwara, watakuuliza Kulwa yuko wapi. Nchi hii hakuna asiyejua kwamba Doto hazaliwi peke yake. Watakuuliza wakicheka, hawana ubaya. Ngoja nikuambie nilivyowajibu mimi. Kuna mama mmoja wa Pasiansi, mteja wangu wa miaka, alikuja baada ya msiba hana habari. Akauliza, yule binti anayenibebea vyungu mpaka kwenye gari yuko wapi leo? Nikamwambia amesafiri. Akasema nimsalimie. Nikasema zimefika. Akaja tena, akauliza tena, nikamwambia ameolewa Bukoba. Akafurahi, Doto, akafurahi kweli, akataka kujua mume anafanya kazi gani. Nikampa kazi. Alivyoendelea kuuliza nikampa na Kulwa mimba. Mwezi mmoja baadaye akateremka kwenye gari na mfuko, ameniletea nguo za kichanga, na kofia ndogo ya kufuma kwa mkono.

Nilipokea. Nilimshukuru kwa niaba ya binti yangu. Ziko chini ya kitanda, ndani ya mfuko uleule, sijui nizipeleke kwa nani.

Wakikuuliza, waambie amekufa. Waache wasikitike, waache waone haya, wewe unywe chai yako. Ukisema uongo mdogo utatakiwa uulishe, nao unakua.

Sasa la maua.

Ukitazama vizuri kwenye meza zangu barabarani utaona viriba vya miche vingi ni udongo mtupu. Kiangazi hiki nimeacha miche ife. Mimi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, ndoo ya maji iko mguuni, natazama jani linavyojikunja, na sinyanyuki. Wateja nikawaambia imepumzishwa. Hakuna mche unaopumzishwa, Doto. Jioni nikirudi nyumbani nalikuta kanna la mwenzio mlangoni. Kiangazi lilikauka lote nikasema afadhali. Vuli imeanza juzi tu, tayari limetoka, na ua moja jekundu. Halina habari kwamba mwenyewe hayupo. Kila nikitia ufunguo mlangoni lipo, zima kabisa, na mimi nasimama pale nikiwa na hasira na ua. Nimefikia hapo.

Na hili ndilo sikukuambia mchana. Unachonitaka nilishakifanya.

Baada ya arobaini nilikata kijiti kwenye waridi lako, kizuri, chenye macho matano, nikakiotesha kwenye kiriba mpaka kikashika mizizi. Nikakipeleka Kisesa nikakipanda upande wa kichwani. Sikumwambia mtu ila bibi yenu. Niliwaza kama wewe, kwamba hukumuaga, basi uwe naye hata hivyo. Udongo wa kule unaujua, mweusi, mvua ikikatika unapasuka mpaka unaingiza mkono. Nikazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, nikamwachia maagizo ya maji. Bibi yenu ni mzee, kisima kiko mbali. Niliporudi Julai mwaka huu nilikuta kijiti. Mchwa wamekila kutoka chini, kimesimama tu, nilipokigusa kikaanguka juu ya kaburi.

Wiki hiyohiyo ukanipigia simu kutoka chuoni, una homa imepanda, unaongea maneno hayashikani.

Mimi ni Mkristo. Kwaya nimeimba, michango ya kanisa sijawahi kuruka. Bibi yenu aliposikia habari ya homa akasema nimekuita, nimekupanda kaburini nikakuita, na mimi nikamjibu mama, hiyo ilikuwa malaria, hata kipimo kimesema malaria. Nikamjibu vizuri kabisa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakichoma moto kile kijiti nilichokuwa nimekiokota kaburini, na majivu nikayatawanya, na usiku kucha nilikuwa natazama simu isije ikalia. Ukapona. Nikajiambia sitalirudia jambo lile hata nikiombwa na malaika.

Halafu leo mchana unaniomba wewe. Umekaa hapo kwenye kizingiti unamenya muhogo, unasema, "La kwake limekaa hapa mlangoni muda wote, mama. Mimi ndiye sijaenda. Nipeleke mimi." Nikakuuliza, nikupeleke makaburini? Ukasema, ua langu, mama, nimesema ua. Nikasema ua litakufa kule. Ukasema, bila kunitazama, "Likifa si litakuwa limemfuata."

Hapo ndipo nikakuambia ukitaka kufa ukafie Mtwara, usinifie mkononi.

Ukaacha muhogo, ukachukua mtandio wako ukatoka. Muhogo nimeumalizia kuumenya mimi, uko jikoni umefunikwa.

Nilisema vile kwa hofu. Hofu ikitoka mdomoni kwangu huwa inatoka na sura ya ukali, tangu mlipokuwa wadogo. Sikuombi usahau, maneno hayasahauliki kwa kuombwa. Nataka tu ujue kwamba ulipokuwa unatoka nilikuwa natazama mgongo wako, na ulikuwa mgongo wa Kulwa, maana kwa nyuma hata mimi nilikuwa nawachanganya.

Kwa hiyo nimeamua, na nimeamua peke yangu, utanichukia kidogo. Kule Kisesa linakwenda kanna. Mimi ndiye ninayejua maua katika nyumba hii, na mtu anayejua maua akiulizwa kaburi lisilo na mwenye kulimwagilia lipandwe nini, atasema kanna, hata hafikirii. Litakauka, litarudi. Litaongezeka mpaka limfunike yeye na baba yenu. Waridi halitoki hapa mlangoni. Simpeleki mtoto mwingine kule, wala kwa kijiti, wala kwa jani.

Ulisema akilazwa na la kwake tu atakuwa peke yake. Inawezekana. Nimetafuta jibu jioni yote, nikasema labda nikiandika litakuja, na halijaja. Kuna mambo mama hana, Doto, na hilo ni mojawapo. Kama kulala peke yake ni kubaya, basi mwenzio yuko vibaya na mimi ndiye nimemwacha hivyo, kwa sababu nimebakiwa na mmoja na nimemchagua anayepumua. Ningekuwa na mkono wa kuotesha kila kitu kama ninavyojisifu barabarani, nisingekuwa nachagua.

Lakini siku ukirudi likizo, wewe mwenyewe utakwenda. Kwa miguu yako, siyo kwa ua. Utasimama pale utazame unavyotaka kutazama, na kama ni kulia utalia kwa sauti mpaka wasikie barabarani. Bibi yenu akianza, nitamshika mkono mimi nimtoe. Ilinipasa siku ile.

Usije ukadhani nikishalala nitaamka nimekuwa sawa. Kesho basi likiondoka nitarudi hapa, na nyumba itakuwa na sufuria moja. Watu watasema Mama Kulwa jipe moyo. Nimejitafutia huo moyo na sijauona. Waridi lako nitalimwagilia asubuhi, hilo tu ndilo ninaloweza kukuahidi bila kukudanganya. Asubuhi nitanyanyuka, nitalitilia maji, nitalitazama chini ya jani. Baada ya hapo sijui nitafanya nini na siku.

Shangazi yako amepiga simu, anasema wanamalizia upande mmoja uje. Basi naharakisha. Kanna nimeshaling'oa, jua lilipokuwa linazama. Ningeweza kuacha kipande kimoja cha kiazi kikaota tena, kazi hiyo naifanya nimefumba macho, kiazi kimoja natoa miche ishirini. Sikuacha. Nimechimba mpaka nikafika kwenye mawe, nimetoa vyote, viko kwenye gunia nyuma ya mlango na Jumamosi navipeleka Kisesa.

Alfajiri kutakuwa na giza na utakuwa na begi kichwani. Pita upande wa waridi, hata kama miiba itakushika sketi. Upande wa pili kuna shimo kubwa, na sijalifukia. Nilishika jembe nikashindwa.

Mama yenu,
Mama Kulwa